Kumlea Mtoto Usiyemzaa: Kafala, Sheria na Amana ya Nyumbani

Ni nadra kuipata nyumba ya Mwambao isiyowahi kukaa na mtoto wa kulea. Yuko mpwa aliyeletwa kutoka Lamu aje kusoma Mombasa. Yuko mjukuu aliyeachiwa nyanyake. Yuko na mtoto wa jirani ambaye mamake alisafiri kwenda Uarabuni kutafuta riziki, na hadi leo hajarudi. Watoto hawa hula sinia moja na watoto wa nyumba, huenda chuoni pamoja nao, na Idi ikikaribia hushonewa nguo kama wao. Hakuna aulizaye karatasi. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba mkono mmoja haulei mwana, nasi tumeishi kwa neno hilo bila ya kuandikiana chochote.

Desturi hiyo ni njema, na ole wetu siku itakapotutoka. Lakini huja siku ambayo wema peke yake hautoshi. Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 11 aliyeachwa Likoni kwa rafiki wa mamake. Mwanzo mama alikuwa akipiga simu kila Ijumaa na kutuma pesa za matumizi. Kisha simu zikakatika. Mlezi hakumfukuza mtoto, bali alimlisha, akamvisha, akamsomesha. Siku shule inapotaka cheti cha kuzaliwa ili mtoto asajiliwe kwa mtihani wa taifa, mlezi hana. Siku daktari anapotaka idhini ya kumpasua, muuguzi huuliza, “Wewe ni nani wake?” Na siku ami ambaye miaka yote hakuonekana anapokuja kumchukua mtoto akafanye kazi za nyumbani katika mji wa mbali, mlezi hana la kushika mbele ya chifu. Mapenzi anayo, uwezo wa kumtetea mtoto hana.

Mfano huu si wa nyumba moja. Ndiyo maana tumeona vyema, katika toleo hili, kueleza ni nani anayestahili kuwa mlezi wa mtoto asiye wake, sheria inamtaka awe na nini, na dini yetu inamwekea mipaka gani. Msomaji atakayefika mwisho ataona kwamba karatasi za serikali na hukumu za sharia hazigombani. Zote mbili zinaulizia jambo moja: amana hii inalindwa vipi?

Kafala ni nini

Kafala ni neno la Kiarabu lenye maana ya kuchukua dhamana. Katika Suratu Al Imran tunasimuliwa jinsi Bibi Maryam alivyowekwa katika ulezi wa Nabii Zakariya, na neno lililotumika hapo ni la asili hiyo hiyo. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) naye alilelewa. Alizaliwa babake, Abdullah, amekwisha kufariki. Akafiwa na mamake, Bibi Amina, alipokuwa na umri wa miaka 6. Akachukuliwa na babu yake, Abdul Muttalib, na alipofika miaka 8 babu naye akafariki, ulezi ukamwangukia ami yake, Abu Talib. Basi anayemdharau mtoto wa kulelewa na akumbuke ni nani aliyetangulia katika hali hiyo. Na katika Hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari, Mtume alionyesha kidole cha shahada na cha kati, akifananisha ukaribu wake na mlezi wa yatima huko Peponi.

Lakini kafala si kumgeuza mtoto nasaba. Zayd bin Haritha, aliyelelewa na Mtume, aliwahi kuitwa Zayd bin Muhammad, mpaka zilipoteremka aya za mwanzo za Suratul Ahzab zikaamrisha watoto waitwe kwa majina ya baba zao, na wasiojulikana baba zao wahesabiwe ndugu katika dini. Zayd akarudi kuwa mwana wa Haritha, wala mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata chembe. Hapo ndipo kafala inapoachana na kuasili mtoto kunakojulikana katika sheria za nchi, ambako mtoto hukatwa kabisa katika nasaba ya wazazi waliomzaa, akahesabiwa kuwa wa wazazi wapya kwa jina na kwa urithi.

Serikali inaitambua

Wapo Waislamu wanaoogopa kwenda ofisi ya watoto wakidhani kuwa wataambiwa waasili au waache. Hofu hiyo haina msingi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unaitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20, na unataka dini, utamaduni na lugha ya mtoto vizingatiwe anapotafutiwa malezi mapya. Mwongozo wa Malezi Mbadala uliotolewa nchini mwaka 2014 uliiorodhesha kafala pamoja na ulezi wa jamaa, ulezi wa muda katika familia nyingine, na kuasili. Kisha Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo na kuiondoa ile ya 2001, ikaitambua kafala kuwa njia ya Waislamu ya kumlea mtoto yatima au aliyetupwa.

Juu ya hayo, kifungu cha 53 cha Katiba kinaweka maslahi ya mtoto mbele ya kila jambo linalomhusu. Maana yake ni kwamba afisa au hakimu hatauliza kwanza nani ana hamu ya mtoto. Atauliza mtoto huyu atafaidika wapi.

Kuna sababu nyingine ya kulifanyia jambo hili haraka. Mkakati wa taifa wa mageuzi ya malezi ya watoto, wa mwaka 2022 hadi 2032, unakusudia kuwatoa watoto katika makao ya mayatima na kuwarejesha katika familia. Kwanza hutafutwa wazazi, kisha jamaa, na wasipopatikana hutafutwa familia nyingine iliyo tayari. Miongoni mwa watoto hao wamo wa Kiislamu. Afisa anayemtafutia mtoto nyumba hawezi kumpeleka kwa familia asiyoijua. Tukilalamika baadaye kwamba mtoto wetu amelelewa nje ya dini yake, itatubidi tujiulize ni wangapi miongoni mwetu waliokwenda kujiandikisha.

Nani anastahili

Watu hudhani kuwa mlezi lazima awe tajiri mwenye nyumba ya ghorofa. Sivyo. Anayetafutwa ni mtu mzima mwenye akili timamu, anayejulikana anapokaa, mwenye mwenendo mwema, na mwenye nafasi ya kumlea mtoto moyoni na nyumbani. Tuyapitie moja moja.

La kwanza ni utambulisho na makazi. Mlezi awe na kitambulisho, na awe mkaazi ambaye mzee wa mtaa, chifu na majirani wanaweza kumshuhudia. Anayehamahama kila baada ya miezi michache ataulizwa sababu. Nyumba ya kupanga haimkoseshi mtu sifa. Linaloangaliwa ni usalama, usafi, na mahali mtoto atakapolala kwa heshima yake.

La pili ni mwenendo. Hutakiwa cheti cha tabia njema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Maombi yake huanzia katika mtandao wa eCitizen. Mtu aliyewahi kupatikana na hatia ya kumdhuru mtoto asitarajie kukabidhiwa mtoto, na hilo ni haki. Watu wazima wengine wanaoishi nyumbani humo nao huchunguzwa, kwa kuwa madhara mara nyingi hayatoki kwa aliyetia saini.

La tatu ni afya. Si kila ugonjwa humzuia mtu. Mwenye kisukari anayefuata dawa zake hulea vizuri kuliko mzima asiye na subira. Linaloulizwa ni kama mlezi ana nguvu za kumhudumia mtoto wa umri ule, kwani kumkimbiza mtoto wa miaka 2 si sawa na kumwongoza kijana wa miaka 14.

La nne ni riziki. Muuza mahamri na mvuvi wanaweza kuwa walezi, maadamu pato lao ni halali na linatosha chakula, matibabu na mahitaji ya shule. Ulezi si ajira, wala asiingie mtu kwa kutarajia mshahara. Hata hivyo, familia maskini zinazolea mayatima zinaweza kuomba kuingizwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambao kiwango chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Si pesa nyingi, lakini ni haki yao, na afisa wa mtaa ataeleza jinsi ya kuomba.

La tano ni ridhaa ya nyumba nzima. Mume asimlete mtoto mkewe akashtukia, wala mke asiahidi ambalo mumewe hajalikubali. Penye wake wawili, ijulikane mtoto atakaa wapi na nani atawajibika. Watoto wa nyumba nao waulizwe. Mtoto aliyepokewa na mama lakini akakataliwa na watoto wenzake huishi kama mgeni asiyekwisha siku. Na mtoto mwenyewe, akiwa na umri wa kujieleza, sheria inataka asikilizwe.

Vipi kuhusu mjane, mtaliki au asiyeolewa? Kukosa mwenzi hakumwondoi mtu moja kwa moja katika hesabu. Hata hivyo, jinsia ya mtoto na ya mlezi asiye na mwenzi ni jambo linaloangaliwa kwa makini, na sisi Waislamu hatuna sababu ya kulalamikia hilo, kwa maana dini imetangulia kuliangalia.

Njia ya kufuata

Anayetaka kulea aende kwa Afisa wa Watoto wa kaunti ndogo anayokaa. Achukue kitambulisho, cheti cha nikaha ikiwa ameoa au ameolewa, barua ya chifu, na barua ya imamu wa msikiti wake. Aeleze kwa uwazi kwamba anataka kulea kwa njia ya kafala, ili ombi lake lisichanganywe na la kuasili.

Afisa atamtembelea nyumbani, pengine zaidi ya mara moja. Ataona chumba, atazungumza na waliomo, na atauliza maswali ambayo huenda yakaonekana ya kuingilia mambo ya watu: mnapogombana mnasuluhishana vipi? Mtoto akikosa humrudi vipi? Kwa nini unataka mtoto? Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na halina haja ya jibu la kupambwa. Anayetaka mtoto ili apate wa kumtumma dukani na kumfulia, na ajijue mapema.

Baada ya uchunguzi huandikwa ripoti. Mtoto aliye chini ya uangalizi wa serikali hupatikana kwa utaratibu wa Mahakama ya Watoto, na mlezi hupewa karatasi zinazomtambulisha. Karatasi hizo ndizo zitakazojibu swali la muuguzi na la mwalimu mkuu. Haiishii hapo, afisa huendelea kumtembelea mtoto, na mlezi asione kuwa anadhaniwa vibaya. Amana hukaguliwa.

Je, ambaye tayari ana mtoto nyumbani bila ya karatasi? Naye aende, tena asichelewe. Mamake aliye Uarabuni, akipatikana kwa simu, aandike barua ya kumkabidhi mtoto, iambatanishwe na nakala ya pasipoti yake. Kadi ya kliniki, cheti cha kifo cha mzazi, barua ya shule, vyote vihifadhiwe katika bahasha moja. Mlezi aliyemtunza mtoto kwa wema ana sababu zaidi ya kumwendea afisa, kwa kuwa akinyamaza, atakayekuja kumnyang'anya mtoto ndiye atakayetangulia kusikilizwa.

Mambo ya ndani ya nyumba

Sheria ya nchi ikishatimizwa, yako mambo ambayo afisa hatayauliza, ila Mwislamu ataulizwa.

Jina. Mtoto abaki na jina la babake. Asiyejulikana babake asipewe nasaba ya mlezi. Wanazuoni huelekeza apewe jina la jumla, kama vile kuitwa mwana wa Abdullah, kwa kuwa sote ni waja wa Mwenyezi Mungu. Na aelezwe asili yake mapema kwa upole, kidogo kidogo, kadiri akili yake inavyopanuka. Mtoto anayeambiwa ukweli na mlezi wake akiwa na miaka 5 huukua nao. Anayeusikia kwa watoto wenzake uwanjani akiwa na miaka 13 huhisi kuwa alidanganywa na ulimwengu mzima.

Umahramu. Mtoto asiye wa damu akibaleghe, hukumu za stara humhusu. Ndiyo maana ni vyema zaidi kutafakari tangu mwanzo. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi katika Mwambao wetu, mtoto aliyenyonya mara tano zilizoachana kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mahramu kwa kunyonya. Mlezi asiyenyonyesha mwenyewe ana njia nyingine: mtoto wa kiume akinyonyeshwa na ndugu wa kike wa mlezi, mlezi huwa mamake mdogo au mkubwa wa ziwa, mtoto wa kike akinyonyeshwa na dada wa mume, mume huwa mjomba wake wa ziwa. Jambo hili liandikwe na lishuhudiwe, kwani huzuia ndoa za baadaye, na kumbukumbu za watu hufa pamoja nao. Ikiwa mtoto amekwisha pita umri huo, kiwekwe chumba na adabu ya nyumba mapema, kwa utaratibu usiomfanya ajione amefukuzwa. Kwa kila hali, aulizwe sheikh.

Urithi. Mtoto wa kafala hamrithi mlezi wake, wala mlezi hamrithi yeye, isipokuwa wana uhusiano mwingine wa mirathi. Lakini mlango wa hisani haukufungwa. Mlezi anaweza kumpa zawadi akiwa hai, na anaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali, ikiwa mtoto si miongoni mwa warithi wake. Wengi husema watafanya, na mauti huwakuta hawajaandika. Siku ya mazishi mtoto aliyelelewa miaka 20 hujikuta mlangoni na mkoba wake. Anayempenda mtoto aandike leo.

Mali ya yatima. Mtoto aliyefiwa na babake huenda ana fungu lake: sehemu ya shamba la minazi Kilifi, chumba katika nyumba ya Mji wa Kale, au mafao ya kazini. Suratun Nisaa imeonya vikali juu ya kuila mali hiyo. Imemtaka mlezi tajiri ajizuie nayo, ikamruhusu fukara atumie kwa kiasi cha haki, na ikaamrisha kuwe na mashahidi siku ya kumkabidhi yatima mali yake. Basi liwepo daftari. Kilichoingia kiandikwe, kilichotoka kiandikwe. Masuala ya mirathi ya Waislamu yana Mahakama ya Kadhi, iliyotajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba, na si aibu kumwendea Kadhi mapema kabla ya ugomvi kuzuka.

Ya kuepuka

Mtoto mchanga akiokotwa kibarazani mwa msikiti alfajiri, moyo humwambia mtu ambebe aende naye nyumbani. Ambebe, ndiyo, kwa kuwa kumwokoa ni wajibu. Lakini ampeleke hospitalini na kituo cha polisi, aandikishe taarifa na apewe nambari ya OB, kisha afisa wa watoto aarifiwe. Huenda kuna mama kijana anayelia mahali fulani ambaye angesaidiwa akamlea mwanawe. Anayemficha mtoto kwa nia njema anaweza kushtakiwa sawa na mwizi wa watoto, na mtoto akabaki bila asili.

La pili ni kumleta mtoto wa watu kwa jina la kumlea na kumbe ni kumtumikisha. Tumwone kwa macho: huamka kabla ya adhana ya alfajiri, hulala wa mwisho, na wenzake wakienda shule yeye huosha vyombo. Huyo si mtoto wa kafala. Kumhamisha mtoto aliye chini ya miaka 18 kwa ajili ya kumnyonya nguvu zake ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu, na kabla ya hapo ni dhulma aliyoikemea Mwenyezi Mungu katika Suratu Dhuha. Anayemjua mtoto wa namna hiyo apige simu nambari 116. Haina malipo, na hupokelewa usiku na mchana.

Tuanzie wapi

Kamati za misikiti zina kazi hapa. Zinaweza kumwalika Afisa wa Watoto azungumze na waumini baada ya swala. Zinaweza kuwasaidia walezi kuandika barua na kupata vyeti. Na kwa familia yenye moyo lakini haina uwezo, jamii ichangie: mmoja ada ya chuo, mwingine sare, mwingine mchele wa mwezi. Asiyeweza kumchukua mtoto anaweza kumwinua aliyemchukua, na wote wakawa washirika katika thawabu.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, walisema wahenga. Aliyemlea mwana ambaye hata mimba yake hakuibeba amechukua kazi hiyo kwa hiari yake, na hiari hiyo ndiyo iliyomwinua. Kinachobaki ni aifanye kwa njia itakayompa mtoto jina lake, mali yake, na mtu mwenye haki ya kusimama mbele ya daktari na kusema, bila ya kutetereka, “Mimi ndiye mlezi wake.”

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozichunga amana, na awafungulie mayatima wetu milango ya nyumba zenye rehema. Amin.